Kutoka Makambako Hata Njombe

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za safari iliyo fupi sana. Si safari ya ng'ambo, wala ya nchi ngeni. Ni njia itokayo Makambako na kufika Njombe, nayo yapata kilomita 60 tu. Gari la abiria huimaliza kwa muda wa saa moja na kitu. Walakini katika njia hiyo tulijifunza neno ambalo hatukulijua, ingawa tulikuwa tukilifundisha kwa miaka zaidi ya ishirini ya kazi yetu ya ualimu wa dini. Twaliandika hapa si kwa kujisifu, maana hatuna sifa ndani yake, bali ili mwalimu mwingine asije akakosa kama tulivyokosa sisi.

Asiyeufahamu mji wa Makambako na aufikirie kama njia panda kubwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia yapita hapo. Na hapo hapo yaanza barabara ya pili, iendayo kusini hata Njombe na Songea. Tena iko reli ya TAZARA, iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975 kwa msaada wa Wachina, ambayo urefu wake ni kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi katika nchi ya Zambia. Njia hiyo ya reli ikisha kupita bonde la Kilombero na Mlimba, huanza kuupanda mlima kwa kazi kubwa, juu ya madaraja na ndani ya mahandaki, hata ifike uwanda wa juu penye upepo. Hapo ndipo Makambako.

Basi mji huo haulali. Usiku kucha malori yaingia na kutoka. Madereva hushuka wakiwa na usingizi na njaa, wakanunua chai, wakanunua mahindi ya kuchoma, na wengine wakanunua mambo ambayo hayafai kutajwa mbele ya watoto. Watu wa kila kabila wako, na mgeni wa jana huwa mwenyeji leo, na kesho hayupo. Mwalimu akihesabu Wakristo wake Jumapili hii, Jumapili ijayo hesabu imebadilika.

Mji huo sisi hatukuutaka. Twasema kweli. Tulikuwa tumekaa miaka kumi na mmoja katika kijiji kimoja cha upande wa Njombe, mahali pa utulivu, tukiwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, na shamba la viazi, na miparachichi tuliyoipanda kwa mikono yetu, ambayo mwaka ule ndio kwanza ilianza kuzaa. Ndipo ikaja barua ya uhamisho. Mbele za watu tulisema, Mapenzi ya Mungu na yatimizwe. Walakini usiku, taa ikisha kuzimwa, tuliomba sala nyingine. Tulimwomba Mungu abadili mioyo ya wakubwa wetu, aturudishe kwenye viazi vyetu na miti yetu. Sala hiyo tuliiomba kila usiku kwa muda wa miaka miwili. Tuliamini ya kuwa tukiomba kwa bidii ya kutosha, haikosi Mungu atatii.

Nasi tukiwa katika hali hiyo, Jumapili moja tulisimama kufundisha habari za kujitoa kwa Mungu. Neno lenyewe ni jema, tena ni kiini cha maisha ya Mkristo. Mtu hatapata kushiba moyo wake kwa kujishikilia mwenyewe. Hushiba kwa kujiweka mikononi mwa Baba. Lakini tulilisema vibaya. Tulisema mtu aache kushindana, aachilie kila kitu, asiishike hata fimbo ya kuegemea, amngojee Mungu peke yake. Tulilisema kwa sauti kuu na kwa mifano mingi. Watu wengine wakalia. Baada ya ibada wakatushika mkono na kutushukuru, nasi tukarudi nyumbani tukiwa na furaha kama mtu aliyevuna.

Kati ya wale waliolia alikuwako mama mmoja mjane, mwenye kupika uji na maandazi karibu na stendi ya magari. Jina lake hatutalitaja, ila yeye mwenyewe ameturuhusu tuandike habari zake, akasema, "Andikeni, wengine wapone." Baada ya miezi kadha tuliona amekonda. Kisha hakuja ibadani. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta amelala juu ya mkeka, midomo imekauka, na jicho lake la kushoto limefunikwa kitambaa. Akatuambia, "Mwalimu, nina ombi moja tu. Nirudisheni nyumbani kwa mama yangu, nikafie huko." Nyumbani kwao ni kijiji kimoja kilichoko mbele ya Njombe, upande wa Yakobi.

Basi siku ya tatu yake tukaondoka asubuhi, sisi na mama wa nyumba yetu, na mgonjwa kati yetu. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ilikuwa kali hata pumzi za watu ndani ya gari zilionekana kama moshi. Gari likauacha mji, likashika njia ya kusini kati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Mabua yalikuwa meupe kwa umande wa baridi. Nchi ile ni ya vilima vya mviringo, kilima nyuma ya kilima, na kila bonde lina kijito chake.

Upande wa magharibi wa njia hiyo, mbali kidogo wala hapaonekani kwa macho, ndipo ilipo Kidugala. Tulimwonyesha mgonjwa kwa kidole, ili kumchangamsha. Misheni ya Berlin ilianza kituo pale mwaka 1898, na hata leo iko seminari ya Kilutheri mahali pale. Tukamkumbusha habari ambayo wazee wa Ubena hupenda kuisimulia. Mwaka 1916, wakati wa vita kuu ya kwanza, majeshi ya Waingereza yalipoingia nchi hizi, wamisionari wa Kidachi walichukuliwa, na makanisa yakabaki bila wachungaji waliozoeleka. Wadachi hawakurudi hata katikati ya miaka ya 1920. Walimu wenyeji na wazee wa kanisa ndio walioshika kazi miaka ile, wakisaidiwa na Waskoti wachache waliotoka pande za Nyasa. Hawakupenda kuachwa. Wala hapana aliyewauliza kama wapenda. Lakini asubuhi walikusanya watoto wakawafundisha kusoma, na Jumapili wakakusanya watu. Hivyo kanisa ambalo watu waliliita la wageni likaanza kuwa la wenyeji. Hata vita ya pili ilipokuja, na Wadachi wakaondolewa tena, watu hawakutishika kama mara ya kwanza. Ndiyo mizizi ya kanisa lile lililoungana na mengine sita tarehe 19 Juni 1963, likawa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Tulimsimulia hayo, kisha tukasema, "Unaona, mama, jinsi wale walivyojitoa katika mapenzi ya Mungu?"

Akanyamaza kitambo. Ndipo akasema polepole, "Hata mimi, mwalimu, nimejitoa. Dawa nimeziacha tangu mwezi wa tatu."

Tukamwuliza, "Dawa gani?"

Akasema, "Zile za kufubaza virusi. Nilizimeza miaka sita. Siku ile mlipotufundisha tusishike hata fimbo ya kuegemea, nikaona mimi nimeegemea vidonge, simwegemei Mungu. Jioni ile nikazitupa chooni. Nikasema, Bwana, ukipenda niishi, nitaishi. Ukipenda nife, nitakufa."

Wapenzi wasomaji, gari lilikuwa limefika karibu na Mtwango. Watu walishuka na wengine wakapanda na magunia yao, na mtoto mmoja akapitisha karanga dirishani. Sisi hatukuona wala kusikia. Tulikumbuka Jumapili ile, tulivyoinua mkono wetu tuliposema neno la fimbo. Neno lilitupendeza wakati ule. Tuliliona lina nguvu.

Yafaa kueleza hapa, kwa ajili ya wasomaji walio mbali, ya kuwa mkoa wetu umepata pigo kubwa la ugonjwa huu. Katika upimaji wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2022 na 2023, Njombe ilionekana kuwa ya kwanza Tanzania bara: katika kila watu wazima 100, zaidi ya 12 walikuwa na virusi vya UKIMWI, hali nchi nzima ni kama 4 tu. Dawa haziviondoi virusi mwilini. Kazi yake ni kuvizuia visizaane, na mwili ukapata nafasi ya kurudisha kinga yake. Mtu azimezaye kila siku bila kukosa huweza kuishi miaka mingi, akalea watoto wake na wajukuu; hata virusi hupungua mpaka havionekani katika kipimo, wala hamwambukizi mwenziwe. Lakini akiziacha, virusi huamka, na magonjwa mengine huingia kama wezi katika nyumba isiyo na mlango. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama huyu.

Gari likapita Kibena, kati ya misitu ya miwati iliyopandwa kwa ajili ya maganda yake yatumikayo kulainisha ngozi, na mashamba ya chai yaliyo kama mikeka ya kijani. Ndipo tukaingia Njombe. Mji huu uko juu sana, karibu mita 2,000 toka usawa wa bahari, na tangu mwaka 2012 umekuwa makao makuu ya mkoa uliotengwa na Iringa. Watu hutembea wamejifunga mablanketi na makoti mazito hata saa sita mchana. Sokoni viazi vimerundikwa kama vichuguu. Mama wa nyumba yetu akatunong'oneza, "Tumpeleke hospitali sasa hivi." Tukamwambia mgonjwa. Akakataa, akasema, "Kwanza nimwone mama yangu. Msinivunjie ahadi." Kwa kuwa tulikuwa na hatia mioyoni, hatukuwa na ujasiri wa kumlazimisha. Tukapanda gari dogo, tukaendelea.

Njia ile yaelekea Yakobi, na mtu apitaye huko hawezi kuacha kukumbuka mwaka 1905. Vita ya Maji Maji ilianza mwezi wa saba mwaka ule katika milima ya Wamatumbi, karibu na pwani, na mwezi wa tisa ikafika Ubena. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi ya kulazimishwa, na viboko. Wakaletewa dawa ya maji, wakaambiwa ya kuwa anyunyiziwaye risasi za Wadachi zitageuka maji juu ya mwili wake. Watu wengi wakaja kuishambulia misheni ya Yakobi. Waliokuwa ndani wakapiga bunduki, na risasi hazikugeuka maji. Kisha askari wa serikali wakaja, wakachoma vijiji na vyakula, njaa ikaingia. Katika nchi zote zilizoguswa na vita hiyo wanahistoria wengine huhesabu waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa 250,000 na zaidi.

Sisi hatuwacheki wazee wale. Walikuwa na uchungu wa haki, na mwenye uchungu hutafuta dawa. Wala hatuthubutu kusema Mungu alikuwa upande wa bunduki. Lakini tulipokuwa tukipita mahali pale, mgonjwa amelala mapajani mwa mama wa nyumba yetu, tuliona jambo ambalo hatukupata kuliona. Tuliona ya kuwa sala yetu ya miaka miwili, ile ya kurudishwa kwenye viazi vyetu, ilikuwa ni maji yale yale. Tulikuwa tumemfanya Mungu kuwa dawa ya kugeuza risasi. Na fundisho letu tulilompa mama huyu lilikuwa ni maji pia: tulimwambia atupe ngao, asimame uchi mbele ya risasi, akiita jambo hilo imani. Tena si sisi peke yetu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walisafiri mpaka Samunge, upande wa Loliondo, ili wanywe kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500, na wengine waliokunywa wakaacha dawa zao za hospitali. Miaka zaidi ya 100 imepita tangu Maji Maji, na mioyo yetu bado yatafuta kitu cha kunyunyiziwa mara moja, ili tusiwe na kazi ya kesho.

Tulifika kijijini yapata saa tisa. Mama yake mgonjwa hakuwa nyumbani. Watoto wakasema, "Bibi yuko kinyunguni." Wasomaji wa nchi nyingine wajue ya kuwa kinyungu ni shamba dogo la bondeni, ambalo watu wa nchi za juu hulima wakati wa kiangazi, wakiinua matuta na kuchimba mifereji kati yake ili maji yasizidi wala yasipungue. Tukamlaza mgonjwa, kisha sisi tukashuka bondeni. Tulimkuta bibi, kizee chembamba, miguu yake ndani ya tope la baridi, akipanda viazi.

Tukamsalimu, "Kamwene."

Akaitika, "Kamwene, mwalimu." Akafuta mikono kwa majani, akatutazama machoni, akajua tumekuja na habari mbaya. Tukamweleza yote. Hatukuficha hata lile neno la fimbo, maana tuliona tukilificha hatutaweza tena kufundisha mahali po pote.

Bibi akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikusoma. Kila mwaka namwomba Mungu viazi, naye hunipa. Lakini hajapata kushuka hapa bondeni kunichimbia mfereji. Mimi nalijitoa kwake tangu usichana wangu, lakini nalijitoa pamoja na jembe langu mkononi. Ninyi mmemfundisha mwanangu kujitoa mikono mitupu."

Akatwaa jembe lake, akapanda kilima mbele yetu. Alipoingia nyumbani hakulia. Akaketi kitandani, akamshika mwanawe kichwa, akamwambia, "Mwanangu, nani aliyekuambia ya kuwa Mungu ataka ufe? Mimi mama yako sitaki. Je, mimi nakupenda kuliko yeye?" Mgonjwa akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Akasema, "Nimechoka, mama. Vidonge kila siku, kila siku, mpaka lini?" Bibi akasema, "Na mimi nimechoka kupalilia. Mpaka lini, sijui. Inuka."

Basi usiku ule ule kijana wa jirani akatupatia gari, tukarudi naye Njombe, akapokewa hospitali. Alikaa huko majuma matano. Waganga waliona ana kifua kikuu pia, wakampa dawa zake za miezi sita, na zile nyingine wakamwanzishia upya kwa utaratibu wao. Alipona kifua, na nguvu zikarudi. Walakini jicho lake la kushoto halikurudi. Haoni kwalo hata leo. Jicho lile, wapenzi wasomaji, sisi twalihesabu juu yetu. Yeye ametusamehe, tena mara nyingi. Lakini kila tunapopanda mimbarani twalikumbuka, na twaona ni vema tulikumbuke.

Usiku ule, tukiwa tumeketi nje ya wodi katika baridi, tulifungua Injili mahali pa Gethsemane. Tumesoma sehemu ile mara nyingi, lakini usiku ule tuliona mambo mawili tuliyoyapita siku zote. La kwanza, Bwana wetu hakuona haya kuomba kikombe kiondolewe. Alimwambia Baba yake wazi analolitaka, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba. Basi kujitoa si kujifanya kama mtu asiye na haja. La pili, alipokwisha kuomba hakubaki amelala chini akingoja. Aliinuka, akawaamsha wenziwe, akaenda kwa miguu yake mwenyewe kuikabili kazi iliyokuwa mbele yake.

Tukamkumbuka na Naamani, yule mkubwa wa jeshi la Shamu. Yeye alitazamia nabii afanye jambo kubwa la ajabu. Akaambiwa aoge mara saba katika mto wa Yordani, akakasirika. Angepewa neno gumu angelifanya kwa majivuno. Neno dogo la kurudiarudia ndilo lililomshinda, mpaka watumishi wake walipomsihi. Je, kidonge cha kila jioni hakifanani na Yordani? Hakuna utukufu ndani yake. Hakuna watu wa kulia wala wa kushika mkono. Ni kutii tu, leo na kesho na kesho kutwa, kwa shukrani kwa Mungu aliyewapa watu akili ya kuitengeneza dawa.

Na sisi je? Yordani yetu ilikuwa Makambako. Tulirudi huko baada ya siku chache, na kwa mara ya kwanza usiku ule hatukuomba sala yetu ya zamani. Si kwamba tulikuwa tumeacha kuipenda nyumba ile na miti ile. Hata sasa tukisikia harufu ya viazi vibichi twaikumbuka. Lakini tulimwambia Mungu, Twapenda kurudi, wewe wajua. Ila kesho asubuhi tutakwenda stendi kuwatazama watu wako. Tukaenda. Tukamwendea na kijana mmoja mchukuzi aliyekuwa na homa, tukampeleka kupimwa. Tukafanya urafiki na madereva wawili. Kidogo kidogo, pasipo sisi kuangalia, furaha ikaingia. Tulikuwa tumeitafuta kwanza, ili baadaye tufanye kazi. Kumbe furaha ni kama mtoto mdogo, hufuata nyuma ya mama aendaye shambani, na mama akisimama kuitazama, nayo husimama.

Mama yule amerudi kwenye uji na maandazi yake. Yuko pamoja na wenziwe kumi na wawili, wanawake na wanaume, ambao kila jioni saa mbili hupigiana simu au kugongeana mlango, wakaulizana neno moja tu: "Umekunywa?" Kisha huomba sala fupi. Tuliwahi kumwuliza kama siku hizi ana raha. Akacheka, akasema, "Mwalimu, zamani nilimpa Mungu kifo changu. Sasa nampa jioni zangu, moja moja. Hizi ndizo ngumu, lakini hizi ndizo zinanishibisha."

Basi walimu wenzetu, twawasihi neno hili. Mnapofundisha habari za kujitoa kwa Mungu, fundisheni na jembe. Mkisema maneno matamu, waulizeni watu baada ya siku kadha wameyasikiaje, kwa maana neno likitoka kinywani huenda kulala katika nyumba tusizozijua. Nanyi wazazi wa nyumba za Kikristo, mtoto akiugua, au kazi ikipotea, msikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu kabla hamjafanya yale aliyoyaweka mikononi mwenu. Mkisha kuyafanya, na mambo yakaenda kinyume, ndipo lalaneni kwa amani, mkijua ya kuwa hamkuachwa.

Na aliye na dawa ya kunywa jioni hii, tafadhali aliweke gazeti hili chini kwanza, akanywe.

Wasalaam, sisi mtumishi mwenzenu wa Makambako.